Shajara ya mradi: kitako cha darubini, kimoja cha jicho na kimoja cha kamera

Jumamosi, 24 Mei 2025. Nilivyo navyo

Rafiki yangu aliyehama nchi ameniachia mrija wa darubini ya kioo: kipenyo milimita 150, urefu wa fokasi milimita 750, pamoja na lenzi mbili za jicho, ya milimita 25 na ya 10. Kitako hakikuwepo, kilivunjikia kwenye lori la mizigo. Mwenyewe nina Canon 600D ya siku nyingi, lenzi ya 50 na ile ya 55-250. Nafundisha fizikia sekondari hapa Dodoma, na klabu yetu ya sayansi ina wanafunzi wapatao 30. Wengi wao hawajawahi kuweka jicho kwenye darubini yoyote.

Kwa hiyo natafuta kitako, yaani ile sehemu inayobeba mrija na kuugeuza. Nataka wanafunzi watazame Zohali, nami nipige picha za Njia Nyeupe na mawingu yake ya gesi. Nitaandika kila hatua na kila shilingi, ili mwenye mrija kama huu aliye Tabora, Kisumu au Bujumbura apate pa kuanzia. Maelekezo karibu yote niliyosoma yanaanza na "elekeza mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini". Dodoma iko digrii 6.2 kusini mwa ikweta. Nyota hiyo kwetu haichomozi.

Jumamosi, 31 Mei. Nimenunua

Aina kubwa ni mbili. Cha kwanza kinakwenda juu na chini, kushoto na kulia, kama shingo ya mtu. Cha pili ni cha ikweta: mhimili wake mmoja unalazwa sambamba na mhimili wa dunia, hivyo mota moja tu inatosha kufuata nyota. Jicho linaridhika na cha kwanza. Kamera ina masharti. Nyota karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia) husogea sekunde 15 za tao kila sekunde ya saa (sekunde ya tao ni 1/3600 ya digrii), na kwa mrija wangu na kamera yangu pikseli moja ni sekunde 1.18 za tao. Sekunde moja bila kufuata, nyota imeshapita pikseli 12.

Nilifikiria pia kitako cha shingo chenye mota mbili na kompyuta, nikakaa na kikokotoo. Hicho hufuata nyota, lakini picha yenyewe huzunguka polepole ndani ya kamera. Kwetu karibu na ikweta mzunguko huo ni kama haupo ukitazama mashariki au magharibi kabisa, lakini kaskazini na kusini ni mkali. Salibu, kundi la nyota la kusini, ikiwa juu kusini, digrii 36 hivi kutoka upeo wa macho, picha inazunguka digrii 18 kwa saa. Kwa sekunde 30 tu, nyota za pembeni zinaburuzika pikseli 8. Na mimi kusini ndiko ninakotaka kwenda. Nikakiacha.

Nimechukua cha ikweta, kinachozungushwa kwa mkono, Sh 650,000. Mota yake ya mhimili mmoja, Sh 120,000. Matumaini yangu ni kwamba kitafanya kazi zote mbili.

(Nyongeza ya Septemba: hapo ndipo kosa kubwa la mradi lilipo. Lilinichukua miezi miwili kulikubali.)

Jumamosi, 7 Juni. Fimbo inagonga mguu

Nimekifunga uani mchana. Ncha ya anga ya kusini, yaani pale nyota zinapoonekana kuzunguka, kwetu iko digrii 6.2 tu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo mhimili unalala karibu sambamba na ardhi. Vitako hivi hutengenezwa kwa kuwazia watu ambao ncha yao iko digrii 30 mpaka 55 juu. Nilipouinamisha hadi 6, kichwa kizima kilitokeza upande wa kusini, na mrija ulipoelekea mashariki karibu na upeo wa macho, fimbo ya uzani (ile inayousawazisha mrija) ilishuka wima ikagonga mguu wa kusini. Kishindo chake kilinitoa jasho. Na mashariki ndiko yanakochomozea makundi ya nyota ninayoyataka: Nge, Mshale na Jabari.

Jumamosi, 14 Juni. Fundi wa kuchomelea

Kuna pini juu ya mguu mmoja inayoamua kichwa kitazame wapi. Fundi ameihamishia upande wa pili, ili kusini kuwe na nafasi kati ya miguu miwili na fimbo ipite katikati. Sh 25,000. Akaniambia, "Mwalimu, uzito wote sasa uko mbele, hii itakulalia." Nikamwambia miguu ni ya chuma, haina neno.

Jioni nikaweka mrija na kamera, nikakaza, nikaachia mkono. Mguu wa nyuma ulinyanyuka ardhini taratibu kabisa, bila sauti. Niliudaka mrija kwa mikono miwili, kidevu kikiwa juu ya kamera, nikamwita mwanangu alete dumu la maji. Dumu la lita 10 likiwa limening'inizwa kwenye mguu wa kaskazini, kitako kimetulia. Atakayeiga asiachie mkono kabla ya dumu, na amsikilize fundi wake.

Jumapili, 22 Juni. Kusini iko wapi?

Nyota hafifu iliyo karibu na ncha ya kusini, Sigma Octantis, ina mng'ao wa 5.4 (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu). Ikiwa digrii 6 juu ya upeo wa macho, katika vumbi la Dodoma la kiangazi, sijaiona hata usiku mmoja. Darubini ndogo ya kutafutia ncha iliyo ndani ya kitako kwangu haina kazi.

Nilianza na dira ya simu, nikailaza juu ya kitako. Leo nimeipima dhidi ya jua na imekosea digrii 9, kwa sababu kitako ni chuma. Hata nilipoishika pembeni ilikuwa ikibadilika kila nilipopiga hatua karibu na geti.

Njia iliyofaulu ni ya zamani. Nilisimamisha fimbo ya mita 1, nikainyoosha kwa timazi, nikachora duara kuizunguka kwa kamba na chaki. Asubuhi niliweka alama pale ncha ya kivuli ilipogusa duara ikiingia, alasiri nikaweka alama ilipogusa ikitoka. Katikati ya alama hizo mbili ndipo mstari wa kaskazini-kusini unapopita. Mchana wa kweli hapa ulikuwa saa 6:39, na kivuli kifupi kabisa kilikuwa sentimita 57, kikielekea kusini kwa kuwa jua la Juni liko kaskazini yetu. Usingoje mwanzo wa Machi wala wiki ya pili ya Oktoba: siku hizo jua la Dodoma liko utosini kabisa adhuhuri, fimbo haina kivuli cha kutosha kupimia.

Nimepigilia misumari miwili mirefu kwenye mstari huo na kuweka vigae vitatu vya saruji kwa ajili ya miguu. Sasa kufunga ni dakika 10. Digrii 6.2 nazipata kwa kipimo cha mwinamo cha simu. Hicho hakisumbuliwi na chuma.

Jumamosi, 28 Juni. Nyota zimekuwa ndefu zaidi

Anga safi, mwezi ni mwembamba tu. Mota inalia vizuri. Picha ya kwanza ya sekunde 30: kila nyota ni mstari mrefu, ukikuza unahesabu pikseli 760 hivi. Nikadhani nimekosea mstari wa kusini, nikapoteza saa nzima kusogeza vigae ambavyo havikuwa na kosa.

Kilichonifungua macho ni kuzima mota. Picha ileile bila mota ilitoa mistari ya pikseli 380, nusu kamili. Mota ilikuwa ikienda kinyume! Kwenye kidhibiti kuna swichi ndogo ya kaskazini na kusini, na ilikuwa kaskazini. Kwetu iwe kusini. Kama nyota zako zinaburuzika, zima mota kwanza kabla hujagusa kitu kingine.

Baada ya hapo nilifuata Sumbula, nyota angavu ya Mashuke, iliyovuka mstari wa kaskazini-kusini saa 1:35 usiku. Nilipiga picha mbili zilizopishana dakika 5. Ilikuwa imehama pikseli 33 kwenda upande wa kaskazini-kusini, sawa na sekunde 8 za tao kwa dakika. Kila digrii 1 ya kosa la mwelekeo huleta karibu sekunde 16 za tao kwa dakika, kwa hiyo kivuli cha fimbo kilikuwa kimenipeleka hadi nusu digrii ya ukweli. Nilizungusha skrubu za pembeni kidogo kidogo, nikapima tena mara nne. Mwisho ilikuwa pikseli 4 kwa dakika 5. Nimefurahi kuliko siku niliyopokea mrija.

Jumamosi, 19 Julai. Kazi mbili, kitako kimoja

Picha: 40 za sekunde 30 kila moja. Zilizofaa ni 9.

Upepo wa kusi umekuwa ukivuma usiku kucha, na mrija wa milimita 150 ni kama tanga. Ukiongeza kamera na pete zake unakaribia kilo 6.5. Watengenezaji huandika uzito ambao kitako kinaweza kubeba. Kwa jicho uamini, kwa kamera chukua nusu yake au theluthi mbili. Mimi niko juu ya namba yenyewe. Kisha kuna gia: ina meno 144, skrubu inayoiendesha inamaliza mzunguko mmoja kila dakika 10, na katika kila mzunguko nyota inakwenda mbele kidogo na kurudi nyuma. Kwa milimita 750 mchezo huo unaonekana. Dawa yake ni kamera ya pili ya kuongoza mota, na hiyo inaanza safari nyingine ya fedha.

Wanafunzi: walikuja 14. Nilianza na kundi la nyota la Omega Centauri, wakapanga mstari, vizuri. Nilipotaka kuwaonyesha Nge upande wa pili wa anga, kitako cha namna hii lazima kigeuzwe chote, mrija uhamie upande wa pili. Lenzi ya jicho ikaangalia ardhini. Nikalegeza pete, nikazungusha mrija, uzani ukaharibika, nikasawazisha upya gizani huku watoto 14 wamesimama kwenye baridi. Binti mmoja wa kidato cha pili alipiga magoti kwenye vumbi ili aone. Aliona, akashukuru, akaondoka na magoti mekundu. Usiku ule niliamua sitamrudisha mtu kwenye kitako hiki.

Jumamosi, 26 Julai. Natenganisha

Mrija mzito utakwenda kwenye sanduku la mbao, kwa macho tu. Kamera itabaki na lenzi zake, bila mrija, juu ya mbao mbili zenye bawaba. Kwa milimita 50 pikseli moja ni karibu sekunde 18 za tao, si 1.18. Makosa yaleyale yanameza mara 15 pungufu.

Mbao za bawaba ni ubunifu wa Mskoti George Haig, wa miaka ya 1970. Bolti inasukuma ubao wa juu ufunguke kwa kasi ya dunia. Dunia inajizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56. Bolti ya M6 inapanda milimita 1 kwa mzunguko. Ukiizungusha mara 1 kwa dakika, umbali kutoka katikati ya pini ya bawaba hadi bolti unatakiwa kuwa milimita 228.6. Bawaba ikae magharibi, bolti mashariki ikisukuma juu.

Hapa ikweta inatulipa. Ulaya mbao hizi zinahitaji kichwa imara cha kuziinamisha digrii 50. Kwangu zinalala juu ya meza. Ubao wa chini una urefu wa milimita 300. Nimeweka kipande cha mbao cha milimita 33 chini ya ncha ya kusini, basi, hizo ndizo digrii 6.2. Mezani pima maji, chini ya pima maji mstari wangu wa misumari.

Jumamosi, 9 Agosti. Sanduku la John Dobson

Mwezi mpevu, usiku mzuri wa useremala. Kitako cha sanduku kilienezwa na John Dobson, aliyekuwa akisimamisha darubini kwenye vijia vya San Francisco ili wapita njia watazame. Sanduku la plaiwudi linazunguka juu ya ubao, mrija una masikio mawili ya duara yanayokaa kwenye vikato. Fundi seremala alimaliza kwa siku mbili.

Kilichotutesa ni msuguano. Mara ya kwanza tuliacha mbao juu ya mbao, tukapaka nta ya mshumaa. Ukisukuma, linakataa, ukiongeza nguvu, linaruka na mwezi unatoka kabisa kwenye lenzi. Nikaipangusa nta yote kwa msasa. Dobson alitumia vipande vya teflon juu ya fomika. Teflon sikuipata mjini. Nilikata kibao cha plastiki cha kukatia nyama, vipande vitatu vya ukubwa wa kiberiti, nikavipigilia chini ya sanduku na vingine kwenye vikato vya masikio. Fomika nilipata mabaki kwa mtengeneza makabati. Vipande viwe vitatu, si vinne: kwa vinne sanduku lilikuwa likicheza kama meza mbovu.

Sasa nasukuma kwa kidole kimoja na linakwenda; naachia na linasimama palepale. Kwa lenzi ya 10 (ukuzaji mara 75) kitu kilicho karibu na ikweta ya anga kinakaa machoni dakika mbili na nusu hivi kabla ya kusukumwa tena. Watoto wanajifunza kusukuma kwa usiku mmoja.

Kasoro moja ambayo kwetu ina uzito: utosini sanduku halina mkono. Mrija ukiwa wima, kuuzungusha hakubadilishi mahali unapotazama. Nebula (wingu la gesi) ya Jabari kwa Dodoma inapita chini ya digrii 1 kutoka utosi. Itazame saa moja kabla au saa moja baada.

Jumamosi, 23 Agosti. Picha ya kwanza ninayoipenda

Mota ndogo ya volti 12 niliyoanza nayo ilipungua kasi kila betri ilipochoka. Nimeitupa. Sasa ni mota ya hatua (inayozunguka hatua kwa hatua) inayoongozwa na Arduino, kompyuta ndogo ya kibao kimoja, kwa pawabenki.

Saa 2 usiku Mshale ilikuwa juu kabisa kusini. Kwa lenzi ya 50, picha 60 za dakika 1 kila moja: nyota nukta, zote. Nikahamia 135 na nyota zikawa vijiti vya pikseli 4. Mwelekeo? Hapana, vijiti vililala mashariki-magharibi, kwa hiyo ni kasi. Nilirudi na rula: fundi alipima milimita 228.6 kutoka ukingo wa ubao, wala si kutoka pini ya bawaba. Umbali halisi ni 236, ubao unachelewa asilimia 3. Nilikuwa nimeshika keekee tayari kutoboa upya, kisha nikakumbuka Arduino. Nimebadilisha namba moja kwenye programu, kutoka mzunguko 1 kwa dakika hadi 1.032. Vijiti vimetoweka.

Picha 60 nimeziunganisha kwa programu ya Siril. Katikati ya Njia Nyeupe, juu kidogo ya mshono mweusi wa vumbi, kuna doa la waridi ambalo jicho langu halijawahi kuliona kwa rangi: ni wingu la gesi la Lagoon, M8. Nimeliweka kwenye simu, nalitazama kila mara.

Jumapili, 7 Septemba. Kupatwa kwa mwezi

Hili ndilo jaribio la kweli. Mwezi ulianza kuliwa saa 1:27 usiku, ukapatwa wote kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52. Sanduku nililiweka nje ya geti, mbao za bawaba uani.

Siku hiyo mwezi ulikuwa kwenye mstari unaopita karibu na utosi wa Dodoma, hivyo ulipanda kutoka mashariki ukaenda juu moja kwa moja. Kwa masaa matatu nilisukuma mrija juu tu. Kushoto na kulia karibu sikuugusa. Watu wa mtaa walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Jirani yetu, bibi wa miaka zaidi ya 70, aliweka jicho kabla kivuli hakijafika katikati, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe mwezi una makovu." Akarudi mwisho wa mstari apate zamu ya pili. Lenzi ya jicho ilikuwa usawa wa kifua chake.

Uani kamera ilipiga yenyewe kwa milimita 250, sekunde 2 kila picha, ISO 800. Mwezi mwekundu kama shaba, na nyota ndogo kuuzunguka, kitu ambacho bila kufuata usingekipata. Nilikwenda kuiangalia mara tatu tu usiku mzima.

Baada ya hapo nikageuza sanduku kwa Zohali iliyokuwa chini yake kidogo mashariki. Mwaka huu pete zimetugeuzia ukingo, zinaonekana kama sindano iliyopitishwa katika shanga. Wanafunzi walitarajia pete pana za vitabuni, ikabidi nichore mchangani kwa kijiti.

Jumamosi, 20 Septemba. Hesabu

Kitako cha ikweta: 650,000, mota 120,000, kuchomelea 25,000. Jumla Sh 795,000.

Sanduku: plaiwudi 75,000, fomika 10,000, kibao cha nyama 6,000, seremala 40,000, bolti na misumari 9,000. Jumla Sh 140,000.

Mbao za bawaba: plaiwudi 8,000, bawaba 3,500, bolti, nati na washa 2,000, kichwa cha kushikia kamera 35,000, Arduino na mota ya hatua 48,000, mota iliyokataliwa 15,000. Jumla Sh 111,500.

Yote Sh 1,046,500, na kinachofanya kazi kila wiki ni kile cha 251,500. Kitako cha ikweta si kibaya. Kamera na lenzi peke yake kinazibeba bila kutetemeka, nimejaribu. Lakini hakipandi bodaboda, na mbao za bawaba zinaingia kwenye begi la shule. Mwenye mrija mdogo wa milimita 60 au 70 na anayetaka picha, huyo akinunue. Nimemwambia mwalimu mwenzangu atakichukua kwa 500,000, pamoja na dumu.

Kabla mvua hazijaanza nataka kupeleka mbao Hombolo, mbali na taa za mji, nijaribu dakika 3 kwa lenzi ya 50. Kipande cha milimita 33 nimekibandika kwa gundi ili kisipotee njiani.